Gwaride la Macho Mbele

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya msingi ya umma huko Kawangware, sikupewa chaki wala kitabu. Naibu wa mwalimu mkuu alinikabidhi filimbi. "Mwalimu Mutheu," aliniambia, "chaki utaipata baadaye. Wiki hii wewe ndiwe mwalimu wa zamu." Nilikuwa nimetoka Kitui juzi tu, viatu vipya vinanibana, na sikujua hata choo cha walimu kiko wapi.

Kwa wasiojua, mwalimu wa zamu ndiye hushika shule kwa wiki nzima: kengele, wachelewaji, usafi, na zaidi ya yote gwaride la Jumatatu na Ijumaa. Watoto hupangwa kwa mistari kuzunguka mlingoti, skauti huleta bendera, wimbo wa taifa huimbwa, kisha kiapo cha utiifu. Shuleni kwetu bendera haikupanda ikiwa wazi. Ilikunjwa na kufungwa, ikapanda kama kifurushi, na ilipofika juu skauti alivuta kamba mara moja, ikafunguka. Mwalimu wa zamu aliikagua kabla haijakunjwa, kisha akapuliza filimbi na kuamuru: "Makini! Macho mbele!"

Mwalimu mkuu wangu wa kwanza, mzee wa Machakos asiyevua koti hata jua likiwaka, alikuwa akisema, "Gwaride likiharibika, wiki imeharibika." Nilimwamini neno kwa neno. Nikawa mkali kuliko yeye. Atakayekohoa, ole wake. Watoto waliniita Madam Filimbi, nami nikajifanya sijui, ingawa jina lenyewe lilinifurahisha.

Katika ukali huo nilimwona msichana mmoja, Nduku, hafungui mdomo wakati wa kiapo. Jumatatu ya kwanza nilimpigia kelele. Ya pili nilimpigisha magoti kwenye kokoto. Ya tatu nilimfukuza akamlete mzazi. Hakurudi, na mzazi hakuja. Mwalimu mkuu alinipongeza mbele ya wenzangu kwa kulinda heshima ya taifa, nikatembea wiki nzima kichwa juu.

Miaka kadhaa baadaye nilikutana na mama yake pale Riruta Satellite, akiuza nguo za watoto kando ya barabara. Alinisalimia vizuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Mwalimu, Nduku ana kigugumizi," aliniambia. "Hayo maneno ya kiapo yalikuwa yanamkimbia. Kwani hukujua?"

Sikujua. Sikuwa nimemuuliza. Alisema mtoto alikataa kabisa kurudi shule yoyote, na sasa anashona marinda nyumbani. Nilinunua soksi nisizozihitaji, nikaenda zangu nikilia njiani, mtu mzima na mkoba wake. Tangu siku hiyo sikumwadhibu mtoto kabla ya kumuuliza. Nawaambia haya wenzangu wachanga ili msije mkajifunza kwa mtoto wa mtu kama nilivyojifunza mimi.

Nilihamishwa mara mbili, na kituo changu cha mwisho kikawa Kibera, shule iliyo karibu na Laini Saba, kando ya reli. Pale mwalimu hujifunza kunyamaza katikati ya sentensi treni ikipita, kisha kuendelea kutoka neno lile lile. Mwalimu mkuu alikuwa kijana kwangu, mchapakazi, shati limenyooshwa mpaka mikono inasimama. Nilimpenda. Alichoogopa ni kitu kimoja tu, kuonekana ameshindwa kushika shule.

Katika mwaka wangu wa mwisho kazini akaja Akinyi, wa Gredi ya Sita. Mama yake alikuwa akifulia watu nguo. Chumba chao cha zamani kilikuwa kimebomolewa kupisha barabara, wakahamia kingine karibu nasi. Kwenye gwaride Akinyi alisimama wima, mikono ubavuni, mdomo umefungwa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipomwona, nilihisi kama Nduku amerudishwa mbele yangu.

Nikamwita kando, nikauliza.

"Ticha, si ati nadharau," alisema. "Nasimama tu kama wengine. Lakini siku walikuja kubomoa kwetu, gari ya mkubwa wao ilikuwa na hiyo bendera hapo mbele. Mathe wangu alikuwa anabeba meko ya gesi, anawaomba wangoje kidogo, na hakuna mtu alimskia. Sasa nikitaka kuimba, sauti inakataa. Niimbe uongo?"

Nilimwambia arudi darasani.

Mwalimu mkuu naye hakutaka kusikia sababu. "Madam, huyu mtoto ataambukiza wengine. Wiki ijayo darasa zima litanyamaza, halafu tutaonekana tunalea waasi. Andika jina lake kwenye kitabu cha adhabu. Nitampa barua ya uhamisho."

Barua ya uhamisho ni karatasi ya kumwambia mtoto atafute shule nyingine. Mtihani wa Gredi ya Sita ulikuwa umekaribia, na shule ya umma iliyofuata ilikuwa mbali mno kwa mtoto wa kutembea. Ile karatasi ingemmaliza.

"Siandiki," nilisema.

"Unakaribia kustaafu, Madam. Usijichafulie faili."

"Faili langu lina doa tayari, mwalimu mkuu. Linaitwa Nduku." Nikamsimulia. Nikamwambia pia kwamba Katiba tunayoifundisha kwenye somo la Jamii inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na wa kusema, na haijaandika kwamba mtoto auache getini. Alisikiliza, akasugua uso, kisha akasema ameshamwandikia afisa wa elimu, anakuja Jumatatu, yeye ndiye ataamua.

Wikendi ile sikula vizuri. Nilitunga hotuba, nikaipasua, nikatunga nyingine. Jumatatu zamu ilikuwa yangu, na kichwa changu kilijaa hotuba kiasi kwamba nilifanya kosa ambalo sikuwahi kulifanya tangu siku ile ya filimbi. Skauti walikunja bendera, nami sikuikagua.

Afisa alikuwa mama mnene wa sauti ndogo. Alisimama kando ya mwalimu mkuu. Nikapuliza filimbi. "Makini! Macho mbele!" Kifurushi kikapanda, skauti akavuta, bendera ikafunguka. Wimbo ukaanza, shule nzima, walimu, afisa mwenyewe, sauti juu, macho mbele kama nilivyoamuru. Akinyi pekee ndiye hakuimba.

Tulikuwa ubeti wa pili sauti yake ilipotokea.

"Ticha! Bendera imegeuzwa! Kijani iko juu!"

Kusema kwenye gwaride, katikati ya wimbo, mbele ya afisa! Wimbo ulikatika vipande, wengine mbele, wengine nyuma. Tukainua vichwa. Kweli kabisa, rangi nyeusi ilikuwa chini, kijani juu, na mikuki imeelekeza ncha ardhini. Watu mia kadhaa tulikuwa tunaiimbia kwa moyo wote na hakuna hata mmoja aliyeiona.

"Nani amesema?" afisa aliuliza.

Akinyi akainua mkono. Hakuushusha. "Ni mimi, Akinyi."

"Umeionaje?"

"Nilikuwa naiangalia."

Afisa akamgeukia mwalimu mkuu. "Huyu ndiye mliyeniandikia kwamba anaidharau bendera?"

Nikatoka mbele ya mistari. "Kosa ni langu," nilisema. "Mimi ni mwalimu wa zamu na sikuikagua. Lakini naomba tusikosee mara mbili. Hata kama bendera ingepanda sawasawa na huyu mtoto asingeona lolote, haki yake ya kunyamaza ingekuwa ile ile." Hotuba nzima ya wikendi ilikuwa imenitoka kichwani, nikabaki na hayo tu, na yakatosha.

Afisa alisema maneno machache, kwa ile sauti yake ndogo, na kila mtu akasikia. Mtoto anayesimama kwa heshima amefanya yanayotosha. Hakuna barua ya uhamisho. Bendera ishushwe, irekebishwe, ipandishwe upya. Watoto walipiga makofi, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwanyamazisha kwenye gwaride. Nilipiga nao.

Akinyi alifanya mtihani wake pale pale. Mwalimu mkuu, nimpe haki yake, alimwita yeye na mama yake ofisini akawaomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe. Kisha akatangaza kwamba mtoto yeyote mwenye sababu ya kutoimba hataulizwa tena mbele ya watu.

Nikastaafu mwishoni mwa muhula huo. Ijumaa ya mwisho nilipewa saa ya ukutani na filimbi kuukuu ya shule, nikaombwa niongoze gwaride kwa mara ya mwisho. Nilikagua bendera mara tatu, skauti wakacheka chinichini. Nikapuliza. "Makini!" nikasema, nikaishia hapo. Ile amri nyingine niliimeza.

Wimbo ulipoanza sikuimba. Niliinua kichwa nikaitazama ikipepea juu ya mabati ya Laini Saba, nyeusi, nyekundu, kijani, kila rangi mahali pake, na machozi yakanitoka kwa furaha. Akinyi alikuwa kwenye mstari wa mbele, mdomo umefungwa. Aliniona.

"Ticha, mbona huimbi?" alinong'ona.

"Leo naiangalia," nikamjibu.