Sekunde Nne Kando ya Jeneza

Wekoye wa Tuwan, Kitale, alikuwa mpiga picha wa pasipoti, ubatizo na matanga. Kwa miaka ishirini na moja kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wasitingishike. Kisha mwaka jana binti yake Ivy akamwonyesha kwenye simu picha ya barabara ambamo taa za magari zilikuwa nyuzi nyekundu ndefu, na magari yenyewe hayaonekani. Wekoye aliishika hiyo simu mpaka ikaisha chaji.

Siri ya picha hiyo ni kuacha jicho la kamera wazi sekunde kadhaa. Kinachosonga kinavutika kama moshi, kilichotulia kinabaki. Jioni akawa anasimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu kando ya barabara, anakusanya taa za bodaboda. Vijana wa hapo wakasema mzee siku hizi anapiga picha za waya. Mchana mwanga ulimshinda, picha ikitoka nyeupe kama unga, basi akaenda kwa mafundi wa jua kali akanunua kioo cheusi cha kuchomelea vyuma, akakifunga mbele ya lenzi kwa raba za tyubu. Alipiga mahindi yakiyumba. Alimpiga picha mkewe akipepeta maharagwe, mke akatoka bila mikono.

"Niache tu hivyo," mkewe akasema. "Nipumzike kazi."

Jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa Jentrix, muuza mboga, aliyekaa na Jairus miaka tisa. Jairus alikuwa fundi wa pampu za maji, mzaliwa wa Bumula. Mahari haikupelekwa, mtoto hakupatikana, na huko Bumula jina la Jentrix lilikuwa halitajwi. Tena Jairus hakupenda kamera. Wekoye akimtania, anajibu kwamba atapigwa picha siku atakayonunua suti. Ugonjwa wa mapafu ukamchukua baada ya Pasaka, suti haijanunuliwa.

Ndugu mkubwa wa Jairus, Wangila, akampigia Wekoye simu aende Bumula kupiga picha za mazishi. Siku moja kabla ya safari, Jentrix alikuja mlangoni kwa Wekoye, akasimama tu, hakukubali kiti.

"Baba Ivy, mimi sina picha yangu na yeye. Hata moja. Nipige naye kesho. Nataka nikizeeka niweze kuonyesha mtu."

Wekoye alimwambia hilo ni jambo dogo, asijali.

Kwenye matanga ya huko, emsii, yule mwongoza shughuli, huita watu kwa makundi, wanasimama nyuma ya jeneza wanapigwa picha: ndugu, mashemeji, wajukuu, wa kanisa, wa kazini. Wangila alimpa Wekoye karatasi ya majina, na mstari wa mwisho uliandikwa Marafiki wa Kitale. Wekoye akamtafuta Jentrix kwa macho pale nyuma ya hema, akamwonyesha ule mstari kwa kidole. Roho ya Wekoye ikatulia.

Makundi manne yalipita. Kisha pasta akasema kwanza watu wapange laini, wamwone marehemu, makundi yaliyobaki yatafuata. Hapo ndipo Wekoye aliona kitu alichokitafuta mwaka mzima: jeneza limetulia katikati, watu wanapita. Akafunga kile kioo cheusi, akaweka sekunde nne. Picha ya kwanza, laini yote iligeuka moshi, na jeneza likaonekana dhahiri hadi misumari. Moyo wake uliruka kwa furaha, akaona aibu. Hata hivyo akarudia.

Mawingu yalikuwa yamefunga upande wa Mlima Elgon. Emsii akashika maiki, akatangaza kwamba mvua inakuja, laini ikiisha jeneza litafungwa liende kaburini, makundi yaliyobaki yasamehe.

Wekoye akainua kichwa. Jentrix alikuwa amebakisha watu wawili kufika.

Alivuta raba ili atoe kioo, ikakataa. Akavuta tena, kucha ikakatika. Jentrix akafika. Wekoye akaona heri iwe hivyo kuliko kukosa kabisa, akabonyeza, na moyoni akamwomba atulie sekunde nne tu, mama, usitingishike. Lakini kwenye matanga huwezi kupaza sauti ukamwambia mtu hivyo. Jentrix alilia hadi mabega yakatikisika, na mhudumu wa laini akamshika mkono.

"Songa, mama. Songa, wengine wanangoja."

Wekoye akamfuata Wangila, akamwomba polepole kwamba kabla hawajafunga, ampige yule mama picha moja. Wangila hakukasirika. Alimtazama kama mtu aliyechoka.

"Mpiga picha, wewe piga walioitwa."

Jeneza likafungwa.

Kule Kitale, Wekoye alikaa na ile picha siku tano kabla ya kuichapisha. Jairus alionekana vizuri kupitia kidirisha cha jeneza. Jentrix alikuwa ukungu, hana uso, hana leso. Kitu kimoja tu cha kwake kilitoka: vidole vitano vilivyong'ang'ania ukingo wa jeneza wakati mwili unavutwa.

Jumapili akampelekea. Alimkuta na mamake, aliyetoka Cheptais kumpa pole. Wekoye akaeleza kosa lake lote, kioo, raba, zile sekunde. Akasema bado anaweza kurekebisha: achukue uso wake kwenye picha ya pasipoti, auunganishe kwa kompyuta, itatoka safi, hakuna atakayejua.

Jentrix aliitazama picha muda mrefu.

"Hapana, Baba Ivy. Usiniweke mahali walikataa nisimame."

Mamake Jentrix akaichukua ile picha, macho yake hayaoni vizuri, akaisogeza mlangoni kwenye mwanga.

"Huyu ni Jairus," akasema. "Na huu mkono?"

"Ni wangu."

"Sasa wewe mwenyewe uko wapi?"

Jentrix akainama, akaweka kidole kwenye ule ukungu. Mamake akakisogelea hicho kidole, akatazama, akatazama tena. Wekoye aliaga akisema kuna mteja anamngoja, na hakukuwa na mteja.