Sahani Iliyofunikwa

Nyumbani kwa akina Crenshaw, sahani haikufunikwa kwa ajili ya mgeni. Mgeni alikula akashukuru, akaenda zake. Sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine na kuachwa juu ya jiko ilikuwa ya mtu wa nyumba hiyo aliyechelewa, na hakuna mwingine aliyeigusa hata kama njaa inamuuma. Ndivyo mama yao alivyowalea Odessa na dada yake Verlene, na ndivyo tulivyolelewa wengi wetu upande huu wa mto Tennessee. Ninaanza na sahani kwa sababu bila hiyo ugomvi wao hauna maana, na wimbo nao hauna maana.

Verlene alikuwa mkubwa. Aliolewa na Cleophus Tatum, mwanamume mzuri wa sura aliyeendesha pikapu ya bluu na kuamini kwamba dunia nzima inamtazama. Odessa hakuolewa. Alipika katika shule ya watoto weusi kule Cotton Hill, na Jumapili aliimba katika kwaya ya kanisa letu la Mount Nebo. Sauti yake ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo kidogo. Marehemu mama yangu, jirani yao, alisema sauti ile ilimfanya akumbuke dhambi ambazo hajazitenda.

Mwaka wa 1965 Cleophus alimwacha Verlene. Baada ya wiki chache, jioni moja ya mvua, pikapu ya bluu ilionekana imesimama uani kwa Odessa. Cleophus alikuja kumwomba amsaidie kuzungumza na mkewe. Odessa alimkatalia, lakini alimwonea huruma akampakulia sukuma, mkate wa mahindi na kipande cha kuku. Cleophus akasema ataenda kwanza kumwona mtu, atarudi kula. Odessa akaifunika ile sahani. Hakufikiri. Mkono ulifanya ulivyozoea.

Verlene akaingia kwa mlango wa nyuma, kama kawaida yake, akaiona.

"Ya nani?"

"Ya Cleophus. Amekuja kuniomba..."

"Umemfunikia mume wangu sahani."

"Verlene, kaa chini nikueleze."

"Unieleze nini? Jiko limeshaeleza."

Kesho yake Verlene alipanda basi la Detroit na binti yake mdogo, Charisse. Hakuaga mtu. Mama yao alikwisha kufa, kwa hiyo hapakuwa na wa kuwapatanisha.

Majira ya baridi yale Odessa alitunga wimbo akiosha masufuria ya shule. Ulikuwa na beti tatu. Wa kwanza ulisema sahani yako nimeifunika, iko juu ya jiko, njoo kabla haijapoa. Wa pili ulisema taa ya barazani inawaka, na mlango wa nyuma sijaufunga. Wa tatu ndio uliotaja jina: Verlene, nani atanisuka nywele, mama hayupo, na kitanda chetu cha dirishani ni kikubwa kwa mtu mmoja.

Kulikuwa na studio ndogo ng'ambo ya mto, katika jengo lililokuwa ghala la magodoro. Wapigaji wa vyombo vya muziki walikuwa vijana wazungu. Mjini hatukuruhusiwa kula nao meza moja, lakini mle ndani waliwafuata waimbaji weusi kama vifaranga nyuma ya kuku. Mwenye studio aliitwa Buddy Skaggs. Odessa alipomaliza kuimba mara ya kwanza, mpiga ngoma alifuta macho kwa kiwiko. Skaggs hakulia. Alitazama saa.

"Dada Odessa, ni mzuri mno. Ila ni mrefu. Redio hawapigi wimbo unaozidi dakika tatu."

"Basi niimbe upesi."

"Ukiimba upesi utakuwa wa kucheza. Tukate ubeti mmoja. Chagua wewe."

Wapigaji walimngoja. Odessa akafikiri kwamba sahani haiwezi kukatwa, maana ndiyo wimbo wenyewe, na taa nayo ndiyo inayoleta kiitikio. Akasema ukatwe wa tatu.

"Una hakika?" mpiga kinanda akamuuliza. "Huo ndio wenye jina."

"Verlene hahitaji kutajwa. Ataijua sauti yangu."

Hapo ndipo lilipofanyika kosa, mchana kweupe, mbele ya watu sita. Mama yao aliwafundisha kinyume chake. Alipowasikia wakisali alikuwa akisema, "Ukimwombea mtu, mtaje. Mungu ana watu wengi."

Santuri ilitoka mwezi wa Machi. Kufikia Juni ilipigwa katika kila baa na kila saluni kuanzia kwetu mpaka kaskazini. Kiitikio kilikuwa rahisi, na kila aliyeachwa na mpenzi aliuona wimbo kuwa wake. Mchungaji wetu wa wakati ule alimtoa Odessa kwenye kwaya, akisema kisima kimoja hakitoi maji matamu na machungu. Odessa alingoja habari kutoka Detroit.

Lakini aliyepeleka habari kule ni Cleophus, maana alizunguka baa zote za kaunti akijigamba.

"Mnausikia wimbo huo? Ni wangu mimi! Sahani ni yangu!"

"Wewe ni sahani gani, Cleophus?" mtu mmoja akamuuliza. "Ya udongo au ya bati?"

Watu walicheka, lakini maneno yalipanda basi yakafika Detroit. Odessa alipompata dada yake kwa simu, Verlene hakumpa nafasi ya salamu.

"Nilikuwa saluni, kichwa kimejaa povu, nikamsikia mdogo wangu akimwita mume wangu mbele ya watu. Msusi akasema, 'Mwanamke huyu anajua kumbembeleza mwanamume.' Mimi nikalipa, Odessa, nikaondoka na nywele mbichi."

"Nilikuimbia wewe. Kuna ubeti wa tatu, umetajwa kwa jina."

"Uko wapi?"

"Waliukata. Ulikuwa mrefu."

Verlene alicheka, lakini si kwa furaha. "Nimetajwa, halafu nikakatwa! Mdogo wangu, hata uongo hupikwa ukaiva." Akakata simu.

Odessa alikwenda kwa Skaggs kuomba ule utepe wa kwanza, wenye beti zote tatu, ampelekee dada yake. Skaggs alisikitika kweli. Utepe ulikuwa ghali, na studio ndogo zilirekodi wimbo mpya juu ya wimbo wa zamani. Juu ya ubeti wa Verlene kulikuwa na tangazo la mbolea.

Kutoka hapo maisha ya Odessa yalikwenda kwa matoleo. Wengine huhesabu miaka kwa watoto au kwa mavuno. Yeye alihesabu kwa watu walioimba wimbo wake. Kwanza alikuja mwanamke mzungu wa Nashville, akauimba kwa gitaa linalolia kama mtu. Alipopita kwetu kwenye maonyesho ya kaunti, Odessa alikwenda nyuma ya jukwaa na pai ya viazi vitamu, akamwimbia ubeti wa tatu. Yule mwanamke alimshika mikono.

"Mpenzi, ni mzuri sana. Lakini watu wangu wanaujua hivi ulivyo. Nikiwaongezea jina la mtu wataniuliza huyo Verlene ni nani."

"Waambie ni dada yangu."

"Ndiyo, lakini wimbo wenyewe ni wa mapenzi."

"Na dada je?"

Mwanamke wa Nashville alisifu pai.

Baadaye akaja Mwingereza mmoja aliyeuzungushia vinanda vya nyuzi mpaka sahani ikasikika kama imetandikwa hotelini. Halafu wakaufanya wa kucheza disko. Odessa alipousikia huo aliketi kitako kibarazani, akasema, "Chakula kimepoa, sasa wanakipiga danadana." Miaka mingi baadaye msichana mmoja aliuimba kwenye mashindano ya televisheni, akipandisha na kushusha sauti katika kila neno, na waamuzi wakasimama. Wote walijifunza kutoka kwenye santuri. Hakuna aliyekuja kuuliza kama wimbo ulikuwa na mwisho mwingine. Na kila toleo jipya lilipotoka, Odessa alisema, "Labda huyu." Akalisikiliza mpaka mwisho, akazima redio.

Nilimuuliza siku moja, tukimenya maharage kwenye kibaraza chake, kwa nini hakupanda basi akaenda Detroit. Alimenya hata bakuli likajaa.

"Niliutuma wimbo," akasema. "Nikaona ni aibu kuutangulia. Halafu ikawa aibu kuufuata."

Verlene alifariki mwezi wa Februari mwaka wa 2008. Barafu ilifunga barabara, Odessa hakuweza kwenda kuzika. Odessa mwenyewe alikuwa na miaka sabini.

Mwezi wa Agosti ilifika Jumapili ya Kurudi Nyumbani, wakati waliohamia Chicago na Detroit hurudi Mount Nebo, nasi hutandika meza ndefu uani. Mwaka huo alikuja Charisse, mwanamke mtu mzima sasa, mwenye paji la uso la akina Crenshaw. Odessa alimtambua kabla hajafunga mlango wa gari.

"Wewe ndiye Mama Mdogo Dessa?" Charisse akauliza. "Mama alisema una miguu mikubwa."

"Yeye ndiye aliyekuwa akiviazima viatu vyangu, kwa hiyo yake ilikuwaje?"

Wakacheka wote wawili, wakashikana mikono. Ndipo Charisse akasema jambo ambalo nadhani hakujua uzito wake.

"Nyumbani tunazo santuri zote za wimbo wako. Mama alinunua kila toleo, hata lile la disko. Alikuwa akisikiliza amesimama, mkono juu ya mashine, mpaka mwisho kabisa. Halafu anasema, 'Bado,' anaiweka kabatini. Nilidhani hapendi wanavyoimba."

Odessa alimwachia mikono. Alitazama meza, akatazama watu, kama mtu anayetafuta pa kukaa.

"Alikuwa akingoja," akasema. "Na mimi nilikuwa nikingoja."

Ibada ya siku hiyo ina desturi yake. Mimi, kwa kuwa ni karani wa kanisa, husoma majina ya waliotutoka mwaka huo, na kwa kila jina ndugu mmoja husimama na kuitika, "Yuko nyumbani." Nilipofika kwa Verlene Crenshaw Tatum, Odessa alisimama akishika benchi la mbele. Hakuitika. Alifumba macho akaanza kuimba, katikati ya kanisa ambalo wimbo ule haukuwahi kuingia.

Verlene, nani atanisuka nywele, mama hayupo.

Mpiga kinanda wa kanisa alitafuta noti, akaona bora aache. Mchungaji wetu wa sasa aliinamisha kichwa. Charisse alitoa simu yake arekodi, lakini alichelewa. Sauti ya Odessa ilikatika kwenye maneno ya kitanda cha dirishani, ikarudi kidogo, ikakatika tena.

"Mama mdogo, tafadhali rudia," Charisse akamwomba baadaye uani. "Ubeti huo tu. Niwasikilizishe watoto."

"Aliyepaswa kuusikia hayumo kwenye simu, mwanangu."

Hakurudia, siku ile wala baadaye. Alikwenda mezani, akapakua sukuma, bamia, mkate wa mahindi na paja la kuku, akafunika kwa sahani nyingine. Charisse alisema ameshiba, tena ana safari ndefu asubuhi.

"Si yako," Odessa akamwambia.

Aliipeleka jikoni mwa kanisa, akaiweka juu ya jiko. Tulipoosha vyombo jioni tuliikuta pale, na hakuna aliyeigusa.