Kompyuta Iliyochukuliwa kwa Utani

Ipo asubuhi moja ya kiangazi ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka naudhika upya. Nilikuwa msichana, nauza dukani kwa mjomba wangu Maganga, karibu na stesheni hapa Tabora. Tuliuza mikanda ya mashine za kusaga, beringi, pampu za maji, na kompyuta, ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia mjini. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja tu, ya kuonyeshea. Mteja anaiona inawaka, anaagiza, yake inakuja na treni kutoka Dar.

Ng'ambo ya barabara akafungua duka Mzee Pazi, Mzaramo. Bidhaa zilezile. Na Mzaramo kwetu Wanyamwezi ni mtani, tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanatembea na mizigo mpaka pwani. Mtani anakutukana mchana kweupe nawe unacheka. Anaweza hata kubeba kitu chako, na huruhusiwi kukasirika; unakwenda kukikomboa kwa kuku au soda, yanaisha. Ni desturi nzuri. Imetuliza misiba mingi, na sitaki mtu aseme naichukia.

Lakini jamani, dukani!

Mzee Pazi alikuwa anasimama mlangoni kwetu na kuwaambia wateja, "Mnanunua pampu kwa Mnyamwezi? Huyu maji anayajua ya kubeba kichwani tu!" Wateja wanacheka, mjomba anacheka mpaka anafuta machozi, halafu nusu ya wateja wanavuka barabara na Mzee Pazi. Mimi nabaki na beringi zangu.

Asubuhi hiyo aliingia, nikamwamkia, akaitikia marahaba huku ameshachomoa waya wa kompyuta. "Nimeteka, mtani," akasema, akaibeba. Mjomba akapiga makofi kwa furaha.

Nikamwambia, "Mjomba, mgeni wa Dar anakuja wiki hii." Maana kampuni iliyokuwa inatuletea mali ilikuwa inamtuma mtu kuchagua wakala mmoja wa mkoa mzima. Atakayechaguliwa atapewa mzigo kwa bei ya jumla. Wengine wote watanunua kwake. Mjomba alilijua hilo kuliko mimi.

"Nitaikomboa Jumamosi," akasema. "Nikimfuata leo ataona nimekasirika. Mtani hafuatwi kwa hasira, binti."

Nikasema basi nikaichukue mimi. Akanifokea! Mtu ambaye hakuwahi kumfokea Mzee Pazi hata kidogo, ukali wote akaniwekea mimi.

Mgeni alishuka na treni kabla ya hiyo Jumamosi. Akaingia kwetu, akakuta meza tupu. Akavuka barabara, akaikuta kompyuta inawaka na watu wamejaa kuitazama. Mjomba akamfuata mbio, akaeleza kwamba ile ni yake, imechukuliwa kwa utani tu. Mgeni akamgeukia Mzee Pazi amwulize. Mzee Pazi akaangua kicheko: "Wanyamwezi bwana! Wakiona kizuri, chao!" Na mjomba wangu, mwanangu, mjomba wangu naye akacheka. Mazoea. Mgeni akaona wazee wawili wanataniana, akampa uwakala mwenye kompyuta mezani.

Jumamosi kuku alipelekwa na kompyuta ikarudi. Kuanzia hapo kila mkanda tuliouza tuliununua kwanza kwa Mzee Pazi, mpaka duka likatushinda tukalifunga. Watu huniuliza kama Mzee Pazi alikuwa mwizi. Nadhani mpaka mgeni anaingia alikuwa anatania kweli. Baada ya hapo alikuwa anafanya biashara, ila uso wake ulikuwa uleule.

Sasa wewe. Una duka lako, printa na pampu zako zinafika mpaka Ipole na Kigwa. Washindani wamejaa, wengine hata duka hawana, wanauza kwa simu wakiwa wamelala kitandani, na bei zinashuka kila ukiamka. Halafu jirani yako Mzaramo wa ng'ambo ya barabara amebeba printa yako ya kuonyeshea tangu juzi, watu wa shule wanakuja kesho kuitazama, na mimi nikikuuliza unanitumia vikatuni vya kucheka! "Utani tu, mama." Nimechoka kulisikia neno hilo.

Sikwambii uache utani. Mtanie msibani, mtanie harusini, mtanie hata mkikutana benki. Lakini kitu kinachokulisha kisilale kwake. Akikibeba, mfuate hapohapo. Cheka ukipenda, ila uwe umeshakishika. Akikwambia umekasirika, mjibu ndiyo, nimekasirika, kisha mkanywe chai. Mtani wa kweli hatakuacha kwa hilo. Atakayekuacha, huyo alikuwa mshindani siku zote, na ni afadhali umjue mapema. Ushindani si dhambi, mwanangu, nawe shindana naye kwa bei, kwa huduma, kwa kumjali mteja akiharibikiwa. Usimwachie tu ashinde kwa sababu uliona haya kununa.

Mwenyezi Mungu akufungulie riziki, akupe wateja waaminifu, akuepushe na hasara na fitina, na watoto wako wale jasho la mikono yako. Nimemaliza kukuombea. Inuka sasa, vuka barabara.