Roboti Iliyoitika Jina la Deeqa

Deeqa alizima rimoti, lakini roboti haikusimama.

Ilikuwa imeacha kumtii, ndiyo maana akaizima. Akaitazama swichi tena. Imezimwa kweli, taa hakuna. Na roboti yake, iliyokuwa imebeba mkebe wa mwisho karibu kabisa na kikapu, ikageuka kushoto, ikaenda zake hadi ukutani na kuanza kuugonga.

Ukumbi mzima ukacheka. Mmoja akauliza kama imeingiwa na jini.

Deeqa hakuona cha kuchekesha. Hiyo ilikuwa fainali ya roboti za shule, na dereva wa timu itakayoshinda angelipiwa chuo, asomee uhandisi mpaka amalize. Yeye alikuwa Kidato cha Nne. Baba yake, Abdiwali, alishamwambia kwa upole kwamba hawezi kumlipia chuo, na akimaliza mtihani duka lao la vitambaa linamngoja.

Na usidhani msichana alikuwa amelala. Roboti za wanafunzi huuawa na redio, yale mawimbi yanayoziunganisha na rimoti, hilo alilijua kuliko mtu yeyote shuleni kwao Buruburu. Antena aliipandisha juu, mbali na mota. Masafa ya mawimbi akayasogeza mbali na Wi-Fi ya ukumbi. Akaiandikia roboti amri moja ya usalama: ukikosa kuisikia rimoti, simama hapo hapo.

Sasa rimoti imenyamaza na roboti bado inatembea. Basi kuna mtu mwingine inayemsikia.

Wiki chache kabla, Selpher, wa shule moja ya Dandora, alikuja kwake karibu kulia. Roboti yao ilikuwa inakwama kila mara mtu akiwasha hotspot ya simu. Deeqa, kwa ile roho yake safi kupita kiasi, akamnakilia programu yake yote, ya rimoti na ya roboti. Selpher akauliza abadilishe nini.

"Usibadilishe kitu," Deeqa akamwambia. "Ikiwork, usiiguse."

Ndani ya programu hiyo kulikuwa na anwani, neno la herufi tano ambalo rimoti huita nalo na roboti huitika. Kwa raha zake, Deeqa alikuwa ameweka jina lake mwenyewe.

Kengele ikalia, muda umekwisha. Deeqa akageuka, akamwona Selpher nyuma ya ukumbi, anafanya mazoezi akingoja zamu yake. Rimoti ya Selpher ilikuwa inaita Deeqa, na roboti mbili zilikuwa zinaitika.



Akamweleza mwamuzi. Mwamuzi alimhurumia, lakini sheria ilikuwa kwamba kila timu inajijua na redio yake. Hakuna kurudia.

Selpher akaitwa uwanjani. Jackton, mwenzake Deeqa kwenye timu, akamsogelea.

"Washa rimoti yako akianza," akanong'ona. "Si jina ni lako? Hakuna mtu atajua."

Kidole kikakaa kwenye swichi. Sikudanganyi, kilikaa. Alitaka sana. Kisha akafungua rimoti, akachomoa betri na kuitia mfukoni.

Selpher akashinda. Mikebe yote kikapuni, laini kabisa, roboti haikusita hata mara moja. Wakampa kipaza sauti, wakamuuliza siri ya redio isiyokatika.

"Hakuna siri," akasema huku akicheka. "Ikiwork, usiiguse."

Jina la Deeqa hakulitaja. Hata sidhani alificha. Lilimtoka tu akilini kwa furaha, na mimi naona hapo ndipo panapouma zaidi.

Kwa hivyo wewe unayesoma, ukimpa mtu kazi yako, mpe kwa moyo wote, lakini toa jina lako ndani kwanza. Ukiliacha, litamwitika yeye.

Deeqa sasa yuko Eastleigh, dukani. Baba yake akiita jina hilo anaitika mara moja, na hakuna mwingine anayeitika.