Mara ya Tatu ya Dympna

Tangu asubuhi Dympna Scanlon alikuwa hakaliki. Alifuta meza iliyokwisha futwa, akachungulia dirishani, akapanda ghorofani kumsikiliza mumewe, Mossie, akikohoa, akashuka, akafuta tena. Tangi la mafuta ya kupashia nyumba joto lilikuwa kavu, Januari ya kwao Leitrim haina huruma, na daktari alishasema kifua cha Mossie hakitaistahimili baridi. Chama cha hisani cha parokia kilikuwa kinamtuma mtu aje aone hali.

Na hali yenyewe kaificha! Keki kaiazima kwa jirani, vikombe vya harusi kavitoa kabatini, kuni za mwisho kazichoma zote ili mgeni asihisi baridi. Mficha uchi hazai, lakini nani angemwambia Dympna?

Mgeni alikuwa Halina, mwanamke wa Kipolandi aliyehamia mjini juzijuzi.

"Keki kidogo, mwanangu?"

"Asante, nimeshiba."

"Kipande tu."

"Kweli, mama, nimeshiba."

"Hebu, usiniudhi!"

Halina akala kwa taabu. Kisha naye akauliza, "Mama, mnahitaji mafuta?"

"Aa, hapana. Wapo wenye shida kuliko sisi." Ndivyo alivyojibu mama yake enzi zake, na bibi yake pia.

"Una hakika?"

"Tutajikongoja tu, usijisumbue." Alishaandaa uso wa kukubali shingo upande, akaingoja mara ya tatu.

Halina akatabasamu, akavaa koti. "Nafurahi mko salama. Basi nitampa mwingine."

Mlango ukafungwa. Dympna akabaki na birika mkononi, hasira zikimpanda. Mtu gani huyu asiyejua kuuliza? Huko juu Mossie akakohoa, kikohozi kisichotaka kwisha. Nje, gari likawashwa.

Alitoka mbio na ndara zake, mvua ikimpiga, akagonga kioo cha gari. Jirani yule wa keki akafunua pazia.

"Niulize tena!"

"Nikuulize nini, mama?"

"Mafuta! Kwetu mtu huulizwa mara tatu, wewe umeishia ya pili!"

"Kumbe ndiyo maana ulinilisha ile keki?"

"Niulize, mwanangu, naganda hapa!"

Halina akazima gari. "Mama Dympna, mnahitaji mafuta?"

Desturi ilitaka ajibu: kama si usumbufu. Maneno yalimfika mdomoni, akayameza.

"Ndiyo," alisema. "Tunahitaji. Hatuna hata tone."

Jirani alisikia kila neno, na Dympna hakupunguza sauti.