Kikapu cha Pekee cha Fundi Wekoye

Wekoye Makokha alikuwa fundi wa kushona sare za shule mjini Kitale, na siku za kazi hakuna aliyewahi kumsikia akimsema mtu vibaya. Mzazi akileta kitambaa kilichopungua, Wekoye alikohoa tu, akaunga hapa, akakunja pale, na mtoto akaenda shule kama wenzake. Mteja akikawia kuchukua nguo, alimpigia simu kumuuliza kama ni mzima. Lakini Jumamosi mchana alifunga kibanda, akavaa kofia ya kijani ya timu ya Radi, akapanda ngazi za saruji za uwanja wa mpira wa kikapu, na upole wote akauacha huko chini.

Pale ngazini alikaa kati ya watu wawili. Kushoto kwake alikuwa Mwalimu Jepkosgei, mwalimu wa michezo aliyestaafu. Alikuwa amepuliza filimbi ya urefa miaka ishirini, na marefa wa siku hizi aliwasahihisha kwa kutikisa kichwa. Kulia alikuwa Thuo, mwenye duka la mabati na misumari, ambaye alipofika Kitale akiwa kijana aliipenda Radi kabla hajapata hata chumba cha kupanga. Watatu hao walikuwa na mjadala mmoja usioisha: kati ya wote waliowahi kuvaa jezi ya Radi kisha wakaondoka, ni nani aliyewaudhi kuliko wote.

Thuo alikuwa na Kagwe wake. Huyo kila alipoona mpinzani anamjia mbio, aliinama kufunga kamba za viatu. Thuo aliapa kwamba alimhesabu mara saba katika mchezo mmoja, na viatu vyenyewe vilikuwa vya kubandika, havina kamba. Mwalimu Jepkosgei hakumtaka Wamalwa, mchezaji hodari kweli, ila alipenda kubishana na refa mpaka wenzake wakawa wanacheza wanne. Akiwa bado katikati ya hoja zake, timu nyingine ilikuwa imeshafunga na kurudi kwao.

Wekoye hakuwa na wawili. Mtu wake alikuwa Kiptanui. Miaka sita iliyopita, fainali, Radi wakiwa nyuma kwa pointi moja na sekunde nne zimebaki, Kiptanui alipata mpira akiwa chini kabisa ya kikapu, peke yake. Akautupa, ukagonga chini ya ubao, ukarudi ukampiga usoni. Mchezo ukaishia hapo. Wekoye hakuweza kukisimulia kisa hicho akiwa ameketi. Alisimama, akaonyesha Kiptanui alivyokuwa, akaonyesha nafasi iliyokuwa pande zote. Hata habari ya kwamba Kiptanui ameoa ilipomfikia kanisani, alisema tu kwamba anatumaini pete ilifika kidoleni.

"Mtu anaweza kukosa," alikuwa akisema. "Hiyo naelewa. Lakini si peke yake bana. Si mtu akiwa peke yake."

Jambo ambalo wenzake hawakulijua, na hata mkewe Nasike hakulijua, ni kwamba Wekoye mwenyewe alikuwa amewahi kucheza. Alikuwa Bungoma, kijana wa miaka ishirini na miwili, msimu mmoja tu katika timu ya Nyuki. Kisha akahamia Kitale kujifunza ushonaji kwa binamu yake, na habari za mpira alioucheza hakuzigusa tena. Kila Radi walipokwenda kucheza Bungoma, yeye alikuwa na sababu ya kubaki: sare za muhula mpya, homa, harusi ya mtu wa mbali ambaye jina lake lilibadilika mwaka hadi mwaka.

Mwaka huu, mwezi wa nane, sababu zilimwishia. Shule zilikuwa zimefungwa, na mwili wake ulikuwa mzima kabisa. Thuo alikuwa ameshatia mafuta kwenye pikapu, na Mwalimu Jepkosgei alimwambia bila kupandisha sauti kwamba shabiki asiyetoka nyumbani aanze kuitwa jirani. Basi Wekoye akaenda. Kutoka Kiminini mpaka wanaingia Bungoma alikuwa ameishusha kofia mpaka kwenye nyusi, na Thuo akadhani amelala.

Uwanja ulikuwa umejengwa upya, una paa la mabati sasa, lakini kikapu cha upande wa barabarani kilikuwa bado kimeinama kidogo upande wa kushoto, na Wekoye alipokiona akaivuta kofia chini tena. Walipata nafasi kando ya mashabiki wa Nyuki waliovaa njano. Mkubwa wao alikuwa Mzee Walubengo, karani mstaafu, mwenye koti zito na kijiti cha meno kilichohama upande mmoja wa mdomo hadi mwingine kila Nyuki walipofunga. Chini yake alikaa Fridah, mwenye kikapu cha njugu, ambaye kila pakiti aliiuza pamoja na maoni yake kuhusu mchezo.

Kufikia mapumziko Radi walikuwa nyuma kwa pointi kumi na moja. Thuo, akitafuta pa kujiliwaza, alinunua njugu za watu watatu na kumuuliza Mzee Walubengo kwa adabu kama nao wana wachezaji wa zamani ambao wameshindwa kuwasamehe.

Mzee aligeuka mwili mzima. Ilionekana wazi kwamba kwa muda mrefu hakuna mgeni aliyemwuliza swali zuri kama hilo.

Fridah ndiye aliyeanza. Yeye alimtaja kijana mmoja kutoka Naitiri aliyekuwa akichungulia saa ya ukutani wakati wa mchezo, ati asichelewe kukamua ng'ombe. Mwingine nyuma yake akamtaja wa Cheptais aliyeogopa jasho la watu. Walicheka, Thuo akamtoa Kagwe wake na viatu visivyo na kamba, Mwalimu akamtoa Wamalwa, na kwa dakika chache pande mbili zilikuwa kitu kimoja. Wekoye peke yake alikuwa akitafuna njugu kwa makini, moja moja.

"Hao wote ni malaika," akasema Mzee Walubengo alipoona kila mtu amemaliza. "Nyinyi hamkumwona Mlango Wazi."

Mzee alisimulia polepole, kama mtu aliyekwisha kusimulia mara nyingi na anayejua mahali pa kunyamaza. Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, hapo hapo walipokaa, Nyuki na hao hao Radi. Mlango Wazi alikuwa kijana mrefu, mwembamba, na jina alilipata kwa sababu kila mpinzani alipita kwake bila kubisha hodi. Msimu mzima hakuwa amefunga kikapu hata kimoja. Siku hiyo kipindi cha pili kilipoanza, timu zikiwa zimebadilishana pande kama kawaida, mpira ulimwangukia mikononi. Akageuka, akaona kikapu kiko mbele yake na njia ni nyeupe. Wenzake wakampigia kelele. Yeye akadhani wanamshangilia. Akakimbia, akaruka, akafunga. Kilikuwa kikapu safi, mzee alikiri, safi kuliko vyote vilivyofungwa siku ile. Shida ni kwamba kilikuwa cha Nyuki wenyewe. Kisha Mlango Wazi akazunguka uwanja mikono juu, akapita mbele ya kocha wake akitabasamu. Nyuki walishindwa kwa pointi moja.

Thuo alikuwa ameshika mbavu. Machozi yalimtoka. Alisema kwa taabu kwamba Kagwe amemwondoa kwenye orodha leo hii, na Kiptanui pia, kwamba Bungoma wamechukua kombe.

"Tena alivaa viatu vyekundu," Mzee Walubengo akamalizia. "Kama bwana harusi."

"Havikuwa vyekundu," Wekoye akasema.

Wote wakamtazama. Angeweza kuishia hapo, lakini dosari hiyo ndogo ilimwasha kuliko tusi lote.

"Vilikuwa vya kahawia. Na vilikuwa vya kuazima, vilinizidi namba mbili."

Fridah, aliyekuwa akimimina njugu kwenye karatasi, aliendelea kumimina mpaka zikafurika. Thuo aliacha kucheka kidogo kidogo, kama redio inayoishiwa na betri. Mwalimu Jepkosgei alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamtazama mtu aliyekaa naye Jumamosi za miaka kumi na tano.

Mzee Walubengo alisogea karibu, akamwinulia Wekoye kofia kwa kidole kimoja. Alikaa akimkagua. Kijiti cha meno hakikusogea.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, mzee."

"Nina swali moja. Nimekaa nalo tangu siku ile. Watu wa Kitale walikupa ngapi?"

Hapo Wekoye aliumia kweli. Kuchekwa alikuwa amekutarajia. Hili la kununuliwa hakuwahi kulisikia. Kumbe mji mzima ulikuwa umeamini hivyo muda wote huo.

"Mzee, kama wangenipa kitu," akasema, "si ningenunua viatu?"

Minong'ono ikapita kati ya wale wa njano. Wengine waliona jibu lina akili, wengine walitikisa vichwa. Ndipo Mwalimu Jepkosgei aliponyoosha mkono, kama alivyozoea kuwanyamazisha wanafunzi wa darasa la nane, na kueleza sheria. Mchezaji akifunga kikapu chake mwenyewe kwa makusudi, alisema, ni kosa, na kikapu hakihesabiwi. Akifunga kwa kutojua, kinahesabiwa, na wapinzani wanapewa pointi zao mbili. Akamwuliza Mzee Walubengo: refa wa siku ile alihesabu au hakuhesabu?

"Alihesabu," mzee akasema.

"Basi refa aliona kwamba hajui. Angehongwa, angezunguka uwanja akishangilia?"

Mzee Walubengo aliipima hoja hiyo, na uso wake ukaingiwa na huzuni kidogo. Kisa cha hongo kilikuwa kisa kizuri. Alikuwa amekisimulia kwenye matanga na harusi, na sasa kimegeuka kuwa kisa cha kijana aliyesahau upande. Lakini alikuwa mtu wa haki. Akampa Wekoye mkono mbele ya watu wote, akasema mji umemkosea. Kisha akaongeza kwamba deni la kikapu bado liko palepale, na mapumziko hayajaisha.

Kabla Wekoye hajauachia mkono wa mzee, alikuwa amesukumwa chini kwa mikono mingi, ya njano na ya kijani, na mchezaji mmoja wa Nyuki akamrushia mpira. Akajikuta amesimama chini ya kile kikapu kilichoinama, ndani ya suruali ya kazini, na pini mbili bado ziko kwenye ukosi wa shati. Uwanja wote ulijua tayari ni nani. Habari ilikuwa imezunguka haraka kuliko njugu.

Pale chini aliona jambo ambalo ngazini halionekani. Ukiwa karibu mno, kikapu hukioni. Unaona ubao, unaona nyavu, unaona mabati ya paa, lakini tundu lenyewe limejificha juu kama kitu kisichokuhusu. Akautupa mpira. Ukagonga chini ya ubao, ukarudi, akakwepa kwa bahati tu, ukamkwaruza sikio.

Kelele zilizopigwa Bungoma nzima ilizisikia. Wekoye alirudi nyuma hatua mbili, akajaribu tena, akakosa. Akajaribu mara ya tatu, mpira ukazunguka juu ya chuma, ukazunguka tena, ukaanguka nje. Refa akapuliza filimbi ya robo ya tatu. Akapanda ngazi akihema, na ilimchukua muda kutambua kwamba yeye pia anacheka.

"Kiptanui alikuwa karibu mno," akamwambia Thuo alipoketi. "Nimeona mwenyewe. Pale hata wewe ungekosa."

Thuo hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amepata wazo, na wazo hilo lilimfurahisha kuliko matokeo ya mchezo, ambao Radi walishindwa kwa pointi kumi na tisa. Njia nzima ya kurudi alidai kwamba pointi zile mbili za tisini na nane zilikuwa za Radi, na zilileta ushindi, kwa hiyo Fundi ahesabiwe kati ya waliowahi kuifungia Radi. Mwalimu alikataa katakata. Pointi za namna hiyo, alisema, huandikwa kwa nahodha wa timu iliyonufaika. Walibishana mpaka Kamukuywa, wakasimama kununua mahindi ya kuchoma, wakaendelea.

Wekoye alipofika nyumbani, simu ya Thuo ilikuwa imemtangulia.

"Kwa hivyo Baba Linet," Nasike akasema akimwekea chai, "nimeolewa na Mlango Wazi."

Alimwuliza kwa nini alimficha jambo hilo miaka ishirini na mitatu. Wekoye akajibu kwamba aliogopa angemcheka. Nasike akasema hilo lilikuwa wazo la kijinga, kisha akacheka mpaka akalazimika kuketi kwenye gunia la viazi.

Mwezi uliofuata Nyuki walikuja Kitale, na Mzee Walubengo akaja nao. Alikaa ngazini kando ya Wekoye, na akamtambulisha kwa kila shabiki wa njano aliyepita, kwa fahari, kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake. Baada ya mchezo Nasike alisisitiza mzee aende kula kwao. Wakala kuku. Sahani zilipoondolewa, Nasike akaomba asimuliwe kisa chote tangu mwanzo, na hata ile hongo isiachwe nje, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu aliyoambiwa ni tamu.

Mzee Walubengo alivua koti. Alikuwa na miaka sabini na miwili, lakini alisimama, akasogeza meza, akakimbia kuzunguka viti vya sebuleni mikono juu akitabasamu, huku Nasike akipiga makofi na vikombe vikilia kabatini. Wekoye alimtazama mzunguko mmoja mzima. Kisha akaweka kikombe chini na kumwambia mzee, kwa heshima, kwamba anakimbia polepole mno, na mikono ilikuwa juu zaidi.