Matundu ya Silinda ya Shemeji

Fundi alifunua kitambaa taratibu kama mtu anayefunua ugali wa wageni, akaigeuza silinda ielekee jua.

"Mwalimu, ona hiyo kazi. Unaweza kujiangalia ukinyoa ndevu."

Ilikuwa inang'aa kweli, na hilo ndilo lililonikera kwanza. Hapa Sindo, kando ya ziwa, injini hupimwa kwa kung'aa na kwa kulia. Nimefundisha ufundi wa mitambo miaka mingi na sijafaulu kumwondolea mtu hata mmoja imani hiyo.

Silinda ilikuwa ya shemeji yangu, kaka ya mke wangu, anayetibu mifugo upande wa Magunga. Mguu wake wa kulia haukunjiki tangu alipopigwa teke na fahali, kwa hiyo pikipiki ya kawaida imemshinda. Anatumia ile ya magurudumu manne, kuukuu, aliyoinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa kule hukwamisha hata punda. Bila chombo hicho shemeji hafiki kwenye zizi la mtu, na silinda nyingine ya kukifaa tuliitafuta Homa Bay na Migori tukaikosa.

Injini ilikuwa imepungua nguvu. Ingetosha kukwangua masizi na kubadilisha ringi. Lakini fundi huyu, ambaye kazi yake ni injini za boti, alimshauri "afungue matundu", naye akakubali. Mimi nilipigiwa simu kazi ikiwa imekwisha.

Injini ya namna hii haina valvu. Hewa huingia na moshi hutoka kupitia matundu kwenye ukuta wa silinda, na pistoni inayopanda na kushuka ndiyo mlango. Ukilichonga tundu vibaya, umebadilisha saa ya kufungua mlango. Ukiacha ukingo mkali, ringi ya pistoni itanasa hapo na kuvunjika, na silinda itakuwa chuma chakavu.

Nilikunja karatasi ya daftari ndani ya silinda nikaisugua kwa penseli mpaka umbo la matundu likajichora. Tundu la kushoto lilikuwa limelipita la kulia kwa unene wa ukucha.

"Sasa unachora nini?" fundi akauliza. "Hii si shamba unapima."

"Hayalingani."

"Hata masikio yako hayalingani, na unasikia."

Wavuvi wawili waliokuwa wakingoja injini yao wakacheka. Shemeji naye akacheka! Nikavuka barabara kwa mama wa mitumba kuomba stokingi iliyochanika.

"Mwalimu, bibi yako anajua?" akaniuliza kwa sauti ya kusikika hadi ufukweni.

Niliifunga stokingi kwenye kidole nikaipitisha polepole kwenye kingo za matundu. Kwenye tundu la moshi ikanasa mara tatu, nyuzi zikabaki zikining'inia. Safari hii hakuna aliyecheka. Fundi alichukua tupa ndogo na msasa, akalainisha kingo mpaka stokingi ikateleza yote. Mkono wake ni mzuri akitaka, na hilo nalo liliniudhi.

"Kuna jambo lingine," nikasema. "Tundu la moshi umelipandisha sana. Itakimbia, lakini ikienda polepole haitakuwa na nguvu."

"Omera, ndugu yangu, funga tu tuisikie," shemeji akamwambia fundi.

Wakaifunga. Ilipowashwa ikalia kama inachinjwa, na watu wakapiga makofi. Nikaomba jambo moja tu: tujaze mawe kwenye sanduku la dawa la shemeji, nikae nyuma, tupande mlima ulio nyuma ya gereji kwa mwendo wa matope. Tulifika nusu. Injini ikakohoa, ikazima, tukaanza kurudi nyuma, shemeji amebana breki na ule mguu mkavu umetokeza pembeni kama mwiko. Nikaruka nikaweka jiwe chini ya gurudumu.

Shemeji alibaki kitini. "Mwalimu, na hii nitafikia nani?"

Fundi akapanda hadi tulipo akihema. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akauliza, "Kwani unaendaga nayo wapi?"

Boti huachiwa mafuta yote kuanzia ufukweni mpaka kisiwani. Hakuwahi kufikiria chombo kinachotambaa. Kisha akaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba alikuwa ameweka gasketi mbili, zile karatasi ngumu za kuziba, chini ya silinda "ndio ipumue". Gasketi mbili! Zilikuwa zimeinua matundu yote tena, juu ya kule alikoyachonga. Nilikaa chini kwenye nyasi kwanza.

Tuliisukuma hadi gereji tukatoa moja. Nikaweka kidonge cha udongo laini juu ya pistoni, tukaizungusha injini kwa mkono, na udongo ukabaki na unene wa kutosha: pistoni haingegonga kichwa cha silinda. Tukarudi mlimani na mawe yetu. Ilipanda kwa gia ya kwanza, ikinung'unika, bila mbwembwe yoyote.

"Yawa, jamani, mmeiharibu," mvuvi mmoja akapiga kelele kutoka chini.

Huko juu shemeji hakuzima. Alinishusha, akamwaga mawe miguuni pangu, akatoa simu.

"Mfungeni huyo ng'ombe," akamwambia mtu. "Nakuja."